Ng'ombe amepauka ufizi: kutafuta chanzo kwa wa bandani na kwa wa kamba

Ng'ombe akipungua damu, wafugaji wengi wa Unguja na Pemba hukimbilia kimoja kati ya viwili: dawa ya minyoo au sindano ya kuongeza damu. Dawa ya minyoo akipewa ng'ombe mwenye ndigana baridi, ugonjwa wa vijidudu vya damu, siku mbili zinapotea na mnyama anaweza kufa. Sindano ya vitamini na madini ya chuma akipigwa mwenye minyoo, anaongezewa damu ya kwenda kufyonzwa. Kabla ya kufungua chupa yoyote jibu swali hili: ng'ombe huyu analala wapi, na majani anayokula yanatoka wapi?

Kwetu ng'ombe wa kienyeji hufungwa kamba kwenye kigingi chini ya minazi, kando ya barabara, uwandani, au bondeni mpunga ukishavunwa. Chotara wa maziwa hukaa bandani, akakatiwa majani na kuletewa kwa baskeli au gari ya ng'ombe. Wote wawili hupungua damu, lakini mara nyingi si kwa sababu zilezile. Na nalisema mapema kwa sababu linawagharimu watu ng'ombe wa thamani: banda peke yake si kinga ya damu. Linampunguzia mnyama maadui fulani, linamletea wengine, na linamnyima nafasi ya kuwazoea wale wa nje.

Kumkagua mgonjwa

Mshike kichwa, vuta kope la chini kwa kidole gumba, utazame utando wa ndani kwenye mwanga wa jua. Usitazame chini ya turubai la buluu wala ndani ya banda lenye giza, rangi itakudanganya. Ng'ombe mzima utando wake ni wa waridi unaoelekea wekundu. Damu ikipungua unakuwa waridi hafifu, kisha mweupe pe. Ukiona umanjano, ama chembe nyekundu zinaharibiwa kwa wingi ama ini limeumia.

Kwa ng'ombe wa bandani usiamini jicho pekee. Mkojo ukituama sakafuni hutoa amonia, na amonia huwasha macho yakawa mekundu hata kama damu imekwisha mwilini. Tazama ufizi, na kwa jike tazama utando wa ndani ya uke. Nimeona watu wakibishana juu ya ng'ombe mmoja, huyu anasema mwekundu kwa kuwa katazama jicho, yule anasema mweupe kwa kuwa katazama ufizi. Wa ufizi ndiye aliyekuwa sahihi.

Pima joto asubuhi na mapema. Kati ya 38 na 39.3 ni kawaida. Chotara aliyesimama chini ya bati fupi saa nane mchana, wakati wa kaskazi, anaweza kupita 39.5 bila ugonjwa wowote, kwa hiyo kipimo cha mchana hakimaanishi kitu mpaka ukirudie alfajiri ya pili. Kisha papasa tezi iliyo chini ya sikio na iliyo mbele ya bega. Funua masikio utazame ndani, nyanyua mkia, pitisha mkono kwenye mapaja na kuzunguka kiwele. Mkojo ukinge kwenye gilasi isiyo na rangi.

Daktari wa mifugo akichukua damu atapima PCV, yaani asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Kwa ng'ombe aliyekomaa kawaida ni 24 hadi 46. Chini ya 24 amepungukiwa. Akishuka chini ya 15 hali ni ya hatari, na akikaribia 12 huenda akahitaji kuongezewa damu ya ng'ombe mwingine, jambo linalowezekana na ambalo wafugaji wengi hawajui kwamba linafanyika.

Kipimo hiki nacho kina mitego. Ng'ombe mwenye kiu maji ya damu yake hupungua, chembe zikaonekana nyingi kuliko zilivyo. Mnyweshe kwanza, ndipo apimwe. Mwengine ni ng'ombe aliyekimbizwa au kutishwa. Bandama lake hujikaza na kumwaga akiba ya chembe nyekundu kwenye mzunguko, na kipimo kinapanda kwa muda. Ukimpima dume wa Pemba aliyetoka kwenye mchezo wa ng'ombe, utapata hesabu nzuri mno, na kesho yake akitulia utaona nyengine. Kwa sababu hiyo hiyo wa kamba asiyezoea kushikwa apewe muda wa kutulia kabla ya sindano, maana akipapatika sana, hata hesabu ya chembe zake nyeupe hubadilika.

Sasa jiulize damu inakwenda wapi. Inafyonzwa na mdudu au mnyoo, au chembe zake zinaharibiwa na vijidudu au sumu, au mwili umeshindwa kuitengeneza. Ukiona homa na mambo yamekwenda kasi kwa siku chache, fikiria chembe kuharibiwa. Bila homa, na ng'ombe kukonda kwa wiki au miezi, fikiria kufyonzwa au kutotengenezwa.

Amepauka, hana homa, amekonda taratibu

Kwa wa kamba, mshukiwa wa kwanza ni minyoo ya tumbo, hasa ile inayofyonza damu kwenye tumbo la nne. Tatizo linaanzia kwenye kigingi. Kamba ya mita 5 humpa ng'ombe duara la mita za mraba 78 hivi, na humo ndimo anamokula na kunya mara kumi na zaidi kwa siku. Akiachwa palepale siku nne au tano, majani mazuri yanakwisha, analazimika kula mafupi yaliyo jirani na kinyesi chake mwenyewe. Kwenye joto letu na unyevu wa masika, mayai yaliyo ndani ya kinyesi hicho huwa viluwiluwi tayari kuambukiza kwa muda wa wiki moja hivi. Vikiliwa huchukua kama wiki tatu kuwa minyoo mizima. Kwa hiyo mvua ya Machi ikianza, usishangae mtamba kupauka Mei.

Ng'ombe mkubwa wa kienyeji huwa ameshajenga uwezo wa kuibana minyoo. Wanaoumia ni ndama walioachishwa maziwa hadi umri wa miaka miwili, na majike waliozaa karibuni. Ukimwona ng'ombe mzima wa miaka sita kapauka sana, minyoo ya tumbo usiiweke mbele, kuna jengine.

Dawa ya minyoo inasaidia, lakini kigingi kisipohama utanunua dawa kila mwezi. Hamisha kila siku, na usirudi kwenye duara la zamani kabla ya wiki tano au sita. Katika nchi ya joto na unyevu viluwiluwi vingi huwa vimeshakufa kwa muda huo. Asubuhi subiri umande ukauke kidogo, kwa sababu viluwiluwi hupanda jani kwenye maji yake. Najua ardhi ni ndogo na jirani naye ana ng'ombe wake chini ya minazi hiyohiyo. Mkubaliane zamu, maana ng'ombe wenu wanachangia minyoo hata kama hamchangii gharama.

Wa pili ni mnyoo bapa wa ini. Huyu ni wa mabonde: konokono wa maji ndiye anayemlea, na vifuko vyake hunata kwenye majani ya ukingoni mwa maji na kwenye mpunga. Ng'ombe anayepelekwa kula mabua kwenye bonde la Cheju au kwenye mabonde ya Pemba baada ya mavuno anaweza kuvimeza bila wewe kuona dalili yoyote wakati huo. Mnyoo hupita kwenye ini miezi mitatu hivi, hadi minne, kabla ya kukaa kwenye mirija ya nyongo na kuanza kufyonza. Majani aliyokula masika yanakuja kudai wakati wa kusi umeshakolea. Dalili ni kukonda, kupauka, maziwa kushuka, na uvimbe laini chini ya taya ambao asubuhi huwa mdogo na jioni, baada ya kichwa kuinama kutwa nzima akila, huwa mkubwa. Uvimbe huo si jipu, usiutoboe. Ni maji yanayovuja kwa sababu protini ya damu imepungua, na minyoo ya tumbo nayo huweza kuuleta.

Hapa ndipo wa bandani anapoingia, na ndipo mwenye chotara anaposhangaa kuliko wote. Ng'ombe hajawahi kukanyaga bonde, lakini pakacha la majani lilikatwa bondeni. Kiangazi kikikaza majani mabichi hubaki kwenye unyevu, na mkataji huyafuata huko huko. Vifuko vya mnyoo bapa vinaweza kukaa hai kwenye majani mabichi. Mwambie mkataji aache sehemu ya chini ya shina iliyokuwa karibu na maji, akate juu. Bora zaidi, majani ya bondeni yaanikwe juani hadi yakauke vizuri kabla ya kulishwa. Ukikauka kabisa, mzigo huo hatari yake hupungua sana.

Kuhusu dawa: albendazo kwa minyoo ya tumbo hutolewa miligramu 7.5 kwa kila kilo ya mnyama, na kwa mnyoo bapa hupandishwa hadi 10, tena huua wakubwa tu. Walio wachanga ndani ya ini huhitaji triklabendazo. Anayepiga dozi ile ndogo na kusema dawa haifanyi kazi, mara nyingi dawa haina kosa. Albendazo asipewe jike mwenye mimba changa, na maziwa yasiuzwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite.

Kwa wa bandani hasa, ongeza chawa. Wanapenda ng'ombe waliobanana na ndama wasiopata jua. Fungua manyoya ya shingo na mgongo utawaona, pamoja na mayai yaliyonata kwenye unywele. Ndama mwenye chawa wengi wanaofyonza anaweza kupauka kabisa huku akitibiwa minyoo.

Kisha lishe. Chembe nyekundu zinahitaji protini, chuma, shaba na kobalti. Wa kamba anachagua: jani hili, kichaka kile, udongo kidogo. Wa bandani anakula anachopewa, na kama anachopewa ni majani makavu yaliyokomaa na pumba tupu mwaka mzima, damu hushuka polepole bila mdudu yeyote. Mpe jiwe la chumvi lenye madini, siyo chumvi ya jikoni peke yake, na changanya majani ya jamii ya kunde kama gliricidia au lukina pamoja na mashudu ya nazi. Lukina isizidi theluthi ya majani yake, ina sumu yake ikizidishwa.

Ana homa, amepauka au ana umanjano, mkojo ni wa kawaida

Hii ndiyo sura ya ndigana baridi. Ng'ombe amezubaa, kinyesi kigumu, ufizi mweupe au wa manjano, joto 40 na zaidi siku za mwanzo, kisha linaweza kushuka chini ya kawaida karibu na kufa. Mkojo hauwi mwekundu, kwa sababu chembe zilizoambukizwa huondolewa na bandama na ini, hazipasuki ndani ya mishipa. Huchukua wiki mbili hadi sita tangu kuambukizwa.

Mfugaji wa bandani akiambiwa hivyo hujibu kwa kauli ninayoisikia kila mara: "Daktari, ng'ombe wangu hatoki nje, kupe kamtoa wapi?" Majibu ni zaidi ya moja. Huenda kupe amekuja na majani. Huenda ni nzi wanaouma, wanaozaliwa kwenye kinyesi kilichochanganyika na mabaki ya majani nyuma ya banda. Hao hubeba damu mdomoni kutoka kwa ng'ombe mmoja hadi mwengine. Na huenda ni sindano. Mtu mmoja huja na sindano moja, akachoma ng'ombe wa nyumba nzima, pengine wa mtaa mzima. Kisu cha kukatia pembe na koleo la kutoboa sikio ni vivyo hivyo. Dai sindano mpya kwa kila ng'ombe, ununue mwenyewe ikibidi.

Matibabu ni oksitetrasiklini au imidokabu kwa mkono wa daktari. La kushikilia wewe ni utulivu. Ng'ombe aliyebaki na chembe chache hana hewa ya kutosha ya kukimbilia. Wengine hufa wakikimbizwa ili washikwe. Mtibu pale alipolala, mwekee kivuli na maji mdomoni, na wa kamba usimswage kumrudisha nyumbani.

Mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa

Uache mkojo kwenye gilasi kwa saa moja au mbili bila kuutikisa. Wekundu ukizama chini na juu kukawa safi, hiyo ni damu nzima: kuna jeraha au ugonjwa kwenye figo au kibofu. Ukibaki na rangi moja kutoka juu hadi chini, ni hemoglobini, yaani kile chekundu kinachobeba hewa, iliyotoka kwenye chembe zilizopasuka.

Pamoja na homa, huo ni ugonjwa wa kukojoa damu unaoletwa na vijidudu vya babesia, na kupe wa buluu ndiye mbebaji wake. Dawa ni daiminazini au imidokabu, na ni siku hiyo hiyo, si kesho.

Bila homa, rudi kwenye swali la banda na kamba. Ndama au mtamba aliyefungwa kutwa nzima juani bila maji, jioni akafunguliwa akanywa ndoo baada ya ndoo, anaweza kukojoa mkojo mwekundu saa chache baadaye. Damu yake imejaa maji ghafla, chembe zikavimba na kupasuka. Mara nyingi hupona, na kinga ni kumpelekea maji mchana, au kumgawia kidogo kidogo akiwa na kiu kali.

Kwa jike wa bandani mwenye maziwa mengi aliyezaa ndani ya wiki nne hivi zilizopita, fikiria upungufu wa fosforasi. Na kwa ng'ombe yeyote anayelishwa mabaki ya sokoni, uliza amekula nini. Magunia ya kabeji na vitunguu vilivyoharibika kutoka Mwanakwerekwe au Darajani yanaonekana neema, lakini vyote viwili vikiliwa kwa wingi kwa siku mfululizo hupasua chembe nyekundu. Kabeji kidogo ndani ya mchanganyiko haina neno. Kabeji kama chakula kikuu ni hatari, na vitunguu mimi ningeviacha kabisa.

Homa kali, tezi zimevimba, ufizi bado una rangi

Tezi ya chini ya sikio imevimba, macho yanatoa machozi, joto 40 hadi 41 na zaidi, baada ya siku chache anakohoa na kuhema, mwishoni povu puani. Hii ni ndigana kali. Katika ugonjwa huu chembe nyeupe ndizo zinazoshambuliwa zaidi, kwa hiyo usingoje ufizi upauke ndipo uamini kuwa ni ugonjwa wa damu. Anayengoja hivyo huchelewa. Buparvakwoni hufanya kazi vizuri siku za mwanzo za homa. Mapafu yakishajaa maji nafasi ni ndogo.

Kupe wa kahawia wa sikioni ndiye anayeileta, na kuna jambo la kumsaidia mfugaji: kupe huyu huhitaji kunyonya siku tatu au nne hivi kabla hajaanza kupitisha vijidudu vya kutosha. Anayefunua masikio ya ng'ombe wake kila siku ya pili na kuwatoa kupe anakata ugonjwa njiani. Kazi hiyo ni ya dakika mbili wakati wa kukamua, na kwa mwenye ng'ombe wawili au watatu inashinda dawa ya kunyunyizia inayopigwa siku ikikumbukwa.

Majani ya pembezoni mwa njia ambako ng'ombe wa kamba wa jirani wanalishwa ndiyo yenye kupe. Yatandaze juani, yakung'ute, usiyaingize bandani yakiwa bado yamefungwa. Angalia pia mbuzi. Mbuzi anayezurura mchana na kulala banda moja na chotara usiku hubeba kupe ndani bila mtu kumshuku.

Sasa kwa nini ng'ombe wa kienyeji wa jirani, mwenye kupe masikio yote mawili, yupo tu anacheua, na chotara wako aliyepatwa na kupe wawili amelala chini? Sehemu ni ukoo. Wa kienyeji ana uvumilivu wa kuzaliwa nao. Sehemu nyingine ni malezi. Ndama mchanga ana kinga ya kimaumbile dhidi ya babesia, na ndigana baridi ikimpata haimlemei kama mkubwa. Ndama wa malishoni huumwa na kupe akiwa katika umri huo, hupata homa ndogo ambayo pengine hukuiona, na damu yake hujifunza. Ndama aliyelelewa kwenye banda safi hukosa somo hilo. Anafika miaka mitatu akiwa mkubwa, mwenye mimba, mwenye maziwa, na damu yake haijui lolote. Kadiri unavyomlinda vizuri, ndivyo siku moja ya uzembe inavyogharimu zaidi. Banda safi na udhibiti nusu nusu wa kupe ni mchanganyiko mbaya kuliko yote: kupe ni wachache mno kumfundisha ndama, na wanatosha kumuua mama yake.

Kwa ndigana kali ipo chanjo, hutolewa mara moja pamoja na oksitetrasiklini ya muda mrefu, na kinga yake hudumu miaka mingi. Kwa mwenye chotara, iulizie kwa daktari wa wilaya yako kabla ya kununua chochote kingine. Haizuii ndigana baridi wala kukojoa damu, kwa hiyo ukaguzi wa masikio hauachwi.

Ameanguka ghafla, ufizi una rangi ngeni

Ufizi wa kahawia au wa kibuluu, ng'ombe anahema na kuyumba saa chache baada ya kula: fikiria naitreti. Hii ni ajali ya mwenye banda mwenye bidii, anayemwaga samadi na mkojo wote kwenye majani yake ya tembo. Kiangazi kikafuatiwa na mvua ya ghafla, majani machanga hufyonza naitreti nyingi, na ndani ya tumbo la ng'ombe hugeuka kitu kinachofanya hemoglobini ishindwe kubeba hewa. Damu ikitoka ni ya rangi ya chokleti. Daktari ana dawa ya kuchoma mshipani, nayo ni methilini buluu. Kinga yake ni kuacha majani hayo wiki moja hivi baada ya mvua ya kwanza, na kuyachanganya na majani makavu.

Ufizi mwekundu wa kung'aa na kifo cha haraka, baada ya kula majani au maganda mabichi ya muhogo mchungu, ni sumu ya sayanaidi. Hewa imo damuni lakini mwili hauwezi kuitumia. Maganda yaanikwe yakauke vizuri kabla ya kulishwa. Wa kamba aliyekata kamba usiku akaingia shamba la muhogo yumo katika hatari hiyo hiyo.

Ndama wa bandani

Ndama anayekunywa maziwa tu, kwenye sakafu ya saruji, bila jani wala udongo, hupungukiwa madini ya chuma, kwani maziwa hayana chuma cha kutosha. Wiki ya pili mwekee majani laini ayachezee. Akiharisha damu na kujikamua kati ya wiki tatu na miezi sita, kwenye chumba chenye unyevu, ni koksidia, vijidudu vya utumbo. Dawa ya minyoo haigusi koksidia. Kausha sakafu, punguza msongamano, inua chombo cha chakula kisichafuliwe na kinyesi.

Na nagana je?

Ni ugonjwa wa damu unaoletwa na mbung'o. Wazee wa Unguja wanaijua, na mtu akiona ng'ombe wa kamba kapauka karibu na msitu wa Jozani huitaja. Mbung'o walioileta walimalizwa kisiwani kwa kurushwa kwa ndege zaidi ya madume milioni 8 waliofanywa tasa, kazi iliyoanza 1994. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa huru. Kwa hiyo kwa ng'ombe aliyezaliwa Unguja anza na mengine yote hapo juu. Kwa aliyeletwa kwa jahazi au meli kutoka bara, mweleze daktari hivyo, atamtazama kwenye hadubini.

Anapohamishwa kutoka njia moja kwenda nyengine

Ng'ombe wengi huanguka wakati huu. Chotara aliyekulia bandani, mfugaji akichoka kukata majani akamtoa nje masika, atakutana na kupe, minyoo na mnyoo bapa kwa pamoja. Kama huna budi, mnyunyizie dawa ya kupe kwanza, mfunge sehemu kavu iliyopumzishwa, na mpime joto kila asubuhi kwa mwezi mzima. Homa ya kwanza ndiyo ya kuitia daktari.

Damu ya kupima ichukuliwe kabla ya dawa yoyote, kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, na tone moja lipakwe kwenye kioo kutoka ncha ya sikio, ambako babesia huonekana kwa urahisi zaidi. Iwekwe kwenye ubaridi bila kugusa barafu, ipelekwe siku hiyo hiyo kwenye maabara ya mifugo Maruhubi, au kwa Pemba ipitie ofisi ya mifugo ya wilaya. Karatasi iandikwe umri, bandani au kamba, majani ya wapi, na alifika lini kwako. Akitibiwa, apimwe tena baada ya wiki tatu au nne. Chembe mpya hazijazi pengo kwa siku mbili, hata ufizi ukianza kurudi rangi.

Na ukinunua wa malishoni ukamwingiza bandani, mtenge wiki tatu au zaidi, kinyesi kipimwe, kupe waondolewe wote. Sindano yake iwe yake peke yake daima. Aliyewahi kupona ndigana baridi huendelea kubeba vijidudu damuni maishani, akila na kukamuliwa bila dalili, na chotara aliyefungwa pembeni yake hajawahi kukutana navyo.